Masizi ya Kwa Mboni

"Umeosha nini, mama? Hebu sema tena. Umeosha nini?"

"Nimeosha vilivyokuwa vichafu," Jenifa alijibu, akikung'uta mswaki wa zamani kwenye ukingo wa beseni. "Na usinipandishie sauti uwani kwangu asubuhi yote hii. Ulitaka nikuache uende ukweni na vitu vimejaa vumbi na kutu, kama vimeokotwa jalalani?"

"Ile kutu niliipaka mimi!"

"Uliipaka wewe?"

"Mimi, mama! Kwa brashi! Behewa moja wiki nzima!"

Jenifa aliyatazama mabehewa yaliyojipanga juu ya taulo, juani, kila moja likiwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Yalikuwa yanang'aa kama pipi. Kando yake kilikaa kituo chenyewe cha treni, jengo dogo la kuta nyeupe, madirisha ya mbao na paa la bati ambalo Lusajo alilitengeneza kwa karatasi ya foili, akiikandamiza mstari kwa mstari juu ya meno ya kitana. Nacho kilikuwa kisafi, kinatiririka maji. Jenifa alipokikuta ukutani kuna weusi na chini kuna wekundu, hakujiuliza mara mbili. Alichanganya sabuni ya unga, akasugua.

"Sasa mtu mzima na akili zake anapaka uchafu kwa nini?" aliuliza, ila sauti ilikuwa imeshuka.

"Kuzeesha, mama. Inaitwa kuzeesha. Treni ikiwa mpya hivi hakuna anayeiamini. Inaonekana ni ya kuchezea." Lusajo aliliokota behewa la mafuta, akaligeuza, akalirudisha kama mtu anayerudisha kifuniko cha jeneza. "Na Mzee Anselmi neno lake ni hilohilo moja. Kuchezea."

Hapo Jenifa akaelewa alichokifanya.

Lusajo alikuwa mwanawe wa pekee, mpima ardhi, mtu aliyefikia umri wa kuoa. Hakunywa, hakuzurura. Akitoka kazini alijifungia chumba cha uani, pale nyumbani kwao Sofu, akakata plastiki na kuunganisha waya mpaka chakula kipoe. Jenifa aliusemasema mchezo huo kwa miaka, huku moyoni akishukuru kwamba anajua mwanawe yuko wapi kila jioni. Kisha Lusajo akampata Stellamaris, muuguzi, binti wa watu wa Kisarawe, na familia ikaenda kupeleka posa.

Mara ile ya kwanza baba wa binti, Mzee Anselmi, aliuliza swali moja tu la maana. "Kijana, ukitoka kazini unafanya nini?" Lusajo, ambaye hajui kudanganya hata pale inapofaa, akasema anatengeneza treni ndogo.

"Za kuchezea?"

"Za kuangalia, baba."

Mzee alikoroga chai yake muda mrefu. Halafu akasema hana ubaya na kijana, ila binti yake hawezi kumpeleka kwa mtoto. Waje tena mara moja tu, atawasikiliza, na atakalolisema siku hiyo ndilo litakalokuwa. Stellamaris ndiye aliyewaeleza baadaye kwamba baba yake alikuwa mkuu wa kituo cha Kwa Mboni mpaka kilipofungwa. Siku hizi treni zinapita pale bila kusimama, na mzee akisikia honi anatoka nje, anasimama mpaka ipite, anarudi ndani.

Ndipo Lusajo alipoamua kumtengenezea kituo chake, na treni moja imesimama mbele yake. Alikwenda mwenyewe Kwa Mboni akapima, akapiga picha. Ilikuwa kazi ya miezi. Siku ya kuipeleka ilikuwa leo, baada ya chakula cha mchana, na mama mtu alikuwa ameitia kwenye beseni.

"Nimekosa," Jenifa alisema. Neno hilo kwake lilikuwa adimu kiasi kwamba Lusajo aliinua kichwa. "Haya, nimeshakosa. Unayo hayo madude uliyopakia?"

"Chaki za rangi nimezimaliza. Nilizisaga zote."

"Chaki tu? Hiyo kutu yote ilikuwa chaki?" Jenifa alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Kijana, una bahati umezaliwa na mimi. Niletee hiyo picha ya kituo."

Jenifa alisomea diploma ya afya ya mazingira, akafanya kazi ya uafisa afya maisha yake yote. Mama lishe wa Tangini wakimwona anakuja na buti zake walianza kufunika sufuria kabla hajafika. Alifunga machinjio, alifunga mabucha, aliwahi kufunga jiko la harusi wageni wameshakaa. Alikuwa amepigana na uchafu muda mrefu kiasi cha kuujua kama mtu anavyomjua mke mwenza.

Aliikuza picha kwenye simu, akaitazama kwa jicho la kazi.

"Hiki kituo ningekifunga," alisema. "Sasa sikiliza. Uchafu haukai popote tu, una njia zake. Ona hapa chini ya paa, gata imetoboka, maji yanateremka na weusi wake kwenye kona hii. Wewe ulikuwa umepaka ukuta mzima sawasawa, kama mtu anajipaka poda. Ndiyo maana nilidhani ni vumbi la chumbani."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Nusu. Nenda kanikwangulie kutu kwenye bawaba za geti. Halafu chimba udongo pale penye shimo la taka, ule mwekundu. Masizi ninayo chini ya sufuria ya maharage, majivu yapo jikoni."

Wakaanza kazi juu ya meza ya kulia chakula, wamevaa aproni. Lusajo alichekecha udongo kwenye kitambaa cha soksi mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Jenifa alichovya brashi kwenye masizi, akaipuliza, akagusa kona ya paa na kuvuta mkono chini kwa pumzi moja. Mstari mweusi ukateremka ukutani, mnene juu, mwembamba chini, ukapotea usawa wa dirisha.

"Mama!"

"Nini?"

"Fanya tena hivyo."

Akafanya tena. Chini ya ukuta alirusha udongo kwa kupitisha kidole kwenye nywele za mswaki, kwa sababu mvua ikipiga ardhi hurusha matope ukutani, na hayapandi zaidi ya goti. Mlangoni, usawa wa kiuno, alipaka masizi kidogo yawe kama weusi wa mafuta, mahali ambapo mikono ya watu hushika. Dirisha la tiketi akalizungushia duara la weusi unaoachwa na viwiko vya abiria. Mabehewa alimwachia Lusajo, maana mambo ya reli aliyajua yeye: vumbi la breki likaenda chini karibu na magurudumu, kutu ya geti ikaenda kwenye misumari na kwenye mikono ya milango, na behewa la mafuta likapata mchirizi mzito chini ya kifuniko.

"Haya yote umeyajulia wapi?" Lusajo aliuliza.

"Nimelipwa mshahara kuyaandikia ripoti."

Lusajo akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kituo kilikuwa kizuri sasa. Kilikuwa kizuri kuliko mwanzo, na wote wawili walijua.

Lilibaki jambo moja. Kazi kama hiyo humaliziwa kwa kupuliziwa dawa ya kushika unga, la sivyo ukiigusa inabaki kidoleni. Lusajo alikuwa ameahirisha kupuliza akisubiri siku kavu, na siku kavu haikuja. Ndiyo maana sabuni ya mama yake iliondoa kila kitu kirahisi. Sasa Lusajo aliijaribu kwenye behewa bovu. Dawa ilikauka nyeupe, kama behewa limeota ukungu.

"Hewa ina unyevu mno," alisema. "Mvua ya jana."

"Basi tusipulize. Nitakipakata."

Mjomba Fabian, kaka yake Jenifa na ndiye mshenga, alifika na gari lake, Noah, akiwa amevaa suti ya kahawia na tai. Jenifa alipanda nyuma na sinia mapajani, akaamuru vioo vyote vipandishwe na kiyoyozi kizimwe, upepo usije ukapeperusha masizi. Walipokata Kiluvya kuishika barabara ya Kisarawe, Fabian alikuwa ameshalegeza tai.

"Dada, tunakwenda kuposa au kujifukiza?"

"Endesha. Na shimo lile pale, liepuke."

"Nimeliona."

"Umeliona ukiwa ndani yake."

Mzee Anselmi aliwapokea barazani, mtu mrefu, mkavu, shati limenyooshwa mpaka kola inasimama yenyewe. Jenifa alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya heshima na baridi. Wakaketishwa. Mke wa mzee, Mama Stella, akawasalimu na kurudi kukaa kwenye mkeka karibu na mlango, ambapo nyuma ya pazia miguu ya Stellamaris ilionekana wazi kabisa, ingawa kila mtu alijifanya haioni.

Mjomba Fabian alisimama, akasafisha koo, akaanza maneno marefu aliyoyatunga njiani. Mzee alimsikiliza mpaka mahali pa kupumua, kisha akanyoosha kidole kwenye sinia lililofunikwa kitambaa.

"Hicho nini?"

Fabian akamwangalia Jenifa. Jenifa akamwangalia Lusajo. Lusajo alipiga magoti mbele ya meza, akakitoa kitambaa.

Mzee Anselmi alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama. Alitazama treni kwanza, behewa kwa behewa, akafika kwenye lile la mafuta, akasogea karibu zaidi. "Limevuja," alisema, kama anajisemea. "Yalikuwa yakivuja hivi. Yanatoka mbali, yanafika yamechoka." Halafu akaona kando ya mlango wa kituo kipande kidogo cha waya kimening'inia, chenye umbo la reli.

"Kengele yangu, kile kipande cha reli nilichokuwa nikigonga," akasema. "Nani kakwambia ilikuwa upande huu? Huyu Stella alikuwa hajazaliwa ilipoondolewa."

"Nilikuta ndoano yake, baba. Bado iko ukutani, na chini yake plasta imepigwapigwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Mama Stella akavuta shingo kutoka mkekani. Jenifa alishusha pumzi na kuanza kuwaza habari za chai.

Ndipo mzee alipoutazama ukuta.

Alitazama mchirizi wa masizi, akaufuata kwa macho mpaka dirishani. Aliangalia matope ya chini, duara la viwiko kwenye dirisha la tiketi, weusi wa mlangoni. Jenifa aliyaona mashavu ya mzee yakikaza, na kila mahali alipokuwa amejivunia mkono wake pakaanza kumchoma.

"Na hiki," mzee alisema, akivua miwani, "ni kituo cha nani?"

"Chako, baba," Lusajo alijibu. "Kwa Mboni."

"Changu mimi?"

Mzee akaunyooshea ukuta ile miwani.

"Kijana, mimi nilikuwa na ndoo ya chokaa nyuma ya stoo mwaka mzima. Mvua ikikatika tu, napaka. Mawe ya njia nzima nayapaka. Madereva walikuwa wakisema Kwa Mboni unaiona usiku bila taa. Mkaguzi alikuja na leso nyeupe, akaipitisha dirishani, akairudisha mfukoni ilivyokuwa." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Huu uchafu kimeupata baada yangu. Umekuja kunionyesha kituo changu kilivyooza?"

Kweli Lusajo alikuwa amepima kituo kilivyo sasa. Alipiga picha kilivyo sasa. Katika miezi yote ile hakuwaza kuuliza kilikuwaje kilipokuwa na mwenyewe. Nyuma ya pazia miguu ya Stellamaris ilirudi hatua nyuma.

Mjomba Fabian aliinuka, tai mkononi. "Mzee wangu, naomba, kwa niaba ya ukoo, niseme kwamba kijana kwa ujana wake..."

"Kaka, kaa," Jenifa alisema.

Fabian akakaa.

"Mzee, ukuta huo hakuupaka huyu. Niliupaka mimi leo asubuhi, kwa masizi ya sufuria yangu. Yeye alikuwa amepaka uchafu wake wa kitoto, mimi nikauosha kwa kutojua, halafu nikamrudishia uchafu wa kweli. Ninaujua, ni kazi yangu. Sikuuliza ni nyumba ya nani ninayoichafua." Alipumua. "Nimewafungia watu majiko kwa uchafu pungufu ya huu. Ungekuwa bado mkuu wa kituo na mtu akakuletea hivi, ningekusaidia kumfukuza."

Mzee alimtazama. Mkono wake ulikuwa bado umeshika miwani hewani.

"Lakini haujashikwa na dawa," Jenifa aliendelea. "Unga mtupu. Unatoka kwa maji." Aligeukia mkekani. "Mama Stella, naomba beseni."

"Mama," Lusajo alisema kwa sauti ndogo.

"Nini tena?"

Lusajo alikitazama kituo, kazi iliyo nzuri kuliko zote alizowahi kuziweka mezani. Kisha akakishika kwa vidole viwili kila upande, akakinyanyua kutoka kwenye reli, akaacha treni imesimama peke yake na kutu yake. Akafungua kisanduku cha vifaa alichokuja nacho, akatoa mswaki uleule wa asubuhi, akampa mama yake.

"Sabuni usitie," alisema.

Beseni lilikuja. Jenifa alipiga magoti barazani na gauni lake la ugenini, akachovya mswaki, akaanza kusugua ukuta kutoka usawa wa mlango. Maji yakawa mekundu, kisha kijivu. Chini ya mkono wake ukuta mweupe ukatokeza, upana wa ukucha, kisha upana wa kidole.

"Siyo hivyo," sauti ikasema juu yake.

Mzee Anselmi alikuwa amesimama, anakunja mikono ya shati lake lililonyooshwa.

"Unaanzia juu, mama. Ukianzia chini, yanayoteremka yanakuchafulia ulikotoka. Sogea."

Jenifa, ambaye alikuwa amewafundisha watu kuosha kuta tangu binti wa huyu mzee yuko chekechea, aliuma ulimi. Akasogea. Akampa mswaki.

Mzee alipiga magoti kwa taabu, goti moja, halafu la pili, akakipokea kituo kutoka kwa Lusajo na kukiinamisha kidogo. Alianza kwenye paa. Alivuta maji kwa mistari midogo ya hakika, kona hadi kona, bila kuruka mahali, akifika dirisha la tiketi akalizunguka kwa ncha ya nywele mbili tatu. Alipofika penye kengele alipunguza mkono, akapuliza, akaendelea. Lusajo alimmulikia kwa simu.

"Hii plasta iliyopigwapigwa," mzee alisema bila kuinua uso, "umeifanyaje?"

"Kwa sindano, baba. Kabla ya rangi."

"Hm. Hiyo iache. Hiyo ilikuwa yangu." Akasugua. "Na mawe ya njia hukuweka."

"Sikuyaona."

"Yamefukiwa na nyasi. Nitakwenda nawe nikuonyeshe yalipo. Mabehewa usiyaguse, hayo yako sawa." Alikiinua kituo kuelekea jua, akakigeuza, ukuta mmoja mweupe kabisa na mwingine bado unamngoja. Akachungulia ndani ya beseni, maji yamekuwa kama uji wa ulezi.

"Stella!" aliita.

"Abee, baba!" Ilikuwa karibu mno, pazia lilitikisika.

"Toka huko uliko. Mletee mkweo maji mengine, haya yameshachafuka."

Mama Stella alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata kwa kiganja kama aliyeshtukia ameanza mapema. Mjomba Fabian alianza kufunga tai upya, akafunga vibaya. Jenifa hakumngoja mtu. Macho yalikuwa yanamwasha, na kukaa hapo bila kufanya kitu kungemwaibisha. Alilichukua beseni mwenyewe, akayamwaga maji machafu kwenye shina la mgomba, akalisuuza, akakutana na Stellamaris katikati ya ua akija na ndoo, na hapohapo akamkingia beseni ammiminie maji.